Uombe ukiwa Arua, Nairobi au Edmonton? Jibu kwa mke anayedhaminiwa kwenda Kanada

SWALI: Asalaam aleikum. Nina miaka 29, nauza vitenge hapa Arua. Mume wangu ni mkaazi wa kudumu wa Kanada tangu 2021, yuko Edmonton, anafanya kazi kwenye ghala. Tulifunga nikaha hapa Arua Desemba 2023. Alikuja mwenyewe, akakaa wiki tatu, akarudi kazini. Nina binti wa miaka 7 niliyemzaa kabla ya ndoa hii. Mume anataka niombe viza ya matembezi, nikishafika ndipo tujaze fomu tukiwa hukohuko, maana mke wa rafiki yake alifanya hivyo na akapewa kibali cha kazi. Shemeji anasema niombe nikiwa hapahapa nyumbani. Dada yangu wa Nairobi ananiambia nihamie kwake kwa sababu ofisi inayoamua iko Nairobi. Nifuate lipi?

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Mfuate shemeji. Omba ukiwa Arua, kwa njia ya nje, na binti yako aingie kwenye ombi tangu siku ya kwanza. Ile viza ya matembezi anayoitaka mume wako haijafa; ina wakati wake, na wakati huo ni baada ya ombi la ndoa kupokelewa. Nairobi isahau kabisa.

Nitaeleza kirefu kidogo, kwa sababu swali hili naulizwa karibu kila wiki na mara nyingi anayeuliza ameshalipa mtu fedha za viza ya utalii.

Sheria ya Kanada inampa mke au mume milango miwili. Wa kwanza ni wa jamii ya familia, ambao kwa kawaida huitwa ombi la nje. Wa pili ni wa mwenzi aliyeko Kanada, yaani ombi la ndani, na huo unataka mambo mawili yawe kweli kwa pamoja: uwe uko Kanada, na uwe unaishi nyumba moja na mdhamini wako. Fomu karibu zote ni zilezile, ada ni ileile, na maombi yote hutumwa kwa mtandao. Ndiyo maana watu hudhani kuchagua kati yake ni kitu kidogo. Kinachobadilika ni haki ulizo nazo mambo yakienda kombo, na hapo ndipo mume wako hajapigia hesabu.

Kumbuka jambo hili ambalo wengi hawalijui: njia ya nje haikukatazi kuwa Kanada. Mtu anaweza kuomba kwa njia ya nje, akapata viza ya matembezi, akaenda kukaa na mumewe, akarudi Uganda kumuuguza mama, akaenda tena, na ombi lake likaendelea kama kawaida. Wa njia ya ndani hana uhuru huo. Akitoka Kanada hata kwa msiba, hakuna anayemhakikishia kwamba ataruhusiwa kuingia tena akifika uwanja wa ndege, na asiporudi, sharti la kuishi na mdhamini limevunjika na ombi limekwenda nalo. Wewe una mama, una binti, una biashara. Ombi linaweza kuchukua mwaka na zaidi. Jiulize kama unaweza kuahidi kwamba kwa muda wote huo hakuna kitakachokuita Arua.

Sasa tuitazame hiyo viza ya matembezi yenyewe, kwa kuwa mpango wote wa mume wako umesimama juu yake. Afisa anayesoma ombi lako anatakiwa na sheria aridhike kwamba utaondoka Kanada muda wako ukiisha. Anaona nini mbele yake? Mwanamke wa miaka 29, mumewe yuko Edmonton, biashara yake haina karatasi nyingi, hajawahi kusafiri nje ya Afrika Mashariki, na hakuna ombi lolote la ndoa lililofunguliwa. Barua za kukataliwa ninazoletewa zinafanana kama zimepigwa chapa moja: afisa hakuridhika kwamba mwombaji ataondoka mwisho wa kukaa kwake, kwa kuzingatia mahusiano yake ya kifamilia Kanada na katika nchi anayoishi. Huyo afisa hajakutukana. Amesoma tu alichokiona.

Na hapo ndipo wakala wa mjini Kampala huingia na ushauri wake: andika hujaolewa. Dada, usifanye hivyo hata kwa dawa. Fomu ya viza inauliza hali yako ya ndoa. Ukiandika uongo na ukagundulika, sheria ya uhamiaji ya Kanada inakufungia mlango kwa miaka 5, na katazo hilo linahusu pia ombi la makazi ya kudumu. Kugundulika ni rahisi mno: baada ya miezi michache mume wako anatuma cheti cha ndoa cha Desemba 2023, na afisa anafungua faili lako la zamani ambamo ulijiita mwanamke asiyeolewa. Kukataliwa viza kwa haki hakukuharibii ombi la ndoa. Uongo unaliharibu. Hizo ni habari mbili tofauti na watu huzichanganya.

Ukiomba viza ya matembezi baada ya ombi la ndoa kupokelewa, unakuwa umebadilisha mazungumzo. Sheria yao, ile ya 2001, inasema wazi kwamba nia ya kuhamia moja kwa moja haimzuii mtu kuingia kwa muda, mradi afisa aridhike kwamba atatoka akitakiwa kutoka. Na mwaka 2023 wizara ya uhamiaji ya Kanada ilitangaza utaratibu wa kushughulikia haraka zaidi viza za matembezi za wenzi ambao tayari wana ombi la kudhaminiwa. Kwa hiyo unaandika barua ya ukurasa mmoja: nina ombi la ndoa, namba ya faili ni hii, naomba kumtembelea mume wangu kwa wiki kadhaa, binti yangu anabaki shuleni Arua kwa bibi yake, nitarudi kusubiri. Hiyo ni kweli tupu na afisa anaweza kuihakiki dakika ileile. Bado anaweza kukataa. Lakini hata akikataa, ombi kubwa liko palepale na wewe uko nyumbani kwako, hujapoteza kitu zaidi ya ada.

Nije kwenye kibali cha kazi, kwa sababu ndicho kilichomvutia mume wako. Rafiki yake hakumdanganya. Kwa miaka mingi kibali cha kazi kisichomfunga mtu kwa mwajiri mmoja kilikuwa tunda la ombi la ndani peke yake, na kwa watu wengi ndiyo ilikuwa sababu ya kuchagua njia hiyo. Tangu 2023 mambo yamebadilika: mwenzi aliyeomba kwa njia ya nje naye anaweza kukiomba, ikiwa yuko Kanada kihalali, anaishi na mdhamini wake na ombi lake limeshapokelewa. Masharti yake yasomeni upya siku mtakayoomba, kwani haya mambo hutolewa kwa matangazo na hurekebishwa kwa matangazo. Lakini ile faida kubwa ya ndani imeshuka thamani. Mume wako anashauri kwa habari za zamani.

Tuseme sasa, Mungu aepushe, ombi limekataliwa. Sababu inayokuja mara nyingi ni kwamba afisa hakuamini ndoa. Aliyeomba kwa njia ya nje, mdhamini wake ana siku 30 za kukata rufaa kwenye Kitengo cha Rufaa za Uhamiaji. Pale kesi husikilizwa upya. Mume wako anasimama mbele ya mwamuzi, wewe unatoa ushahidi kwa simu au video kutoka Uganda, mnaleta picha mpya, barua mpya, mashahidi, hata mambo yaliyotokea baada ya afisa kukataa. Nimeona ndoa zilizokataliwa kwa sababu ya majibu mawili matatu yaliyopishana zikikubaliwa pale, kwa kuwa tu watu walipata nafasi ya kusema. Aliyeomba kwa njia ya ndani hana rufaa hiyo. Kilichobaki kwake ni Mahakama ya Shirikisho, na huko anatakiwa aombe kwanza ruhusa ya kusikilizwa, ndani ya siku 15. Jaji haulizi kama ndoa yenu ni ya kweli. Anauliza kama afisa aliamua kwa busara kwa karatasi alizokuwa nazo siku ile. Wakili wa kazi hiyo halipwi kidogo.

Kwa mwanamke anayeoga, kupika na kulala nyumba moja na mumewe Edmonton kwa miaka, rufaa pengine haitahitajika. Kwenu ninyi mliokaa pamoja wiki tatu baada ya nikaha halafu simu, rufaa ni kinga ambayo nisingekushauri uitupe. Nakwambia hivi bila kukuficha: ndoa yenu kwenye karatasi inaonekana changa.

Halafu kuna binti yako. Kila anayezungumza kuhusu mpango wa Edmonton amemsahau, hata wewe umemtaja katikati kama jambo la pembeni. Ukienda kwa viza ya matembezi, uwezekano wa ninyi wawili kupewa viza pamoja ni mdogo zaidi kuliko wa wewe peke yako, maana mtoto aliyebaki nyumbani ni moja ya sababu chache za afisa kuamini kwamba utarudi. Basi yeye atabaki Arua. Ombi la ndani linaruhusu kumjumuisha mtoto aliyeko nje, hilo ni kweli, lakini wewe utakuwa umefungwa Edmonton ukisubiri, huwezi kutoka, na yeye yuko darasa la pili kwa bibi. Mkiomba kwa njia ya nje, mnasubiri pamoja na mnapanda ndege pamoja.

Umpeleke usimpeleke, lazima atajwe. Kanada ina kanuni kali: mtoto au mwenzi ambaye hakutajwa na hakupimwa afya wakati wa ombi la makazi ya kudumu, kwa kawaida hawezi kudhaminiwa baadaye. Septemba 2019 ulianzishwa utaratibu wa muda wa kuwalegezea baadhi ya watu waliokosea hapo, lakini usipange maisha ya mtoto juu ya msamaha. Utahitaji cheti chake cha kuzaliwa kutoka NIRA (mamlaka ya vitambulisho na usajili ya Uganda), pasipoti yake, na idhini ya baba yake mzazi, kwa fomu yao maalumu, iliyotiwa saini na kuambatanishwa na kitambulisho chake. Kama baba hajulikani alipo, au amefariki, au mahakama ilikupa wewe ulezi, kila hali ina karatasi yake. Barua ya LC1, yaani mwenyekiti wa kijiji, peke yake haitoshi kwa jambo hili, ingawa inasaidia kueleza mtoto anaishi na nani. Hili la baba ndilo litakalokuchelewesha kuliko yote, kwa hiyo lianze mapema, na lianze kwa upole. Baba aliyeombwa kwa heshima, mbele ya wazee wa pande zote mbili, hutia saini. Aliyesikia habari mitaani kwamba mtoto wake anapelekwa Ulaya (kwa wengi wetu Kanada nayo ni Ulaya) huanza kudai.

Nairobi sasa. Dada yako ana ukweli nusu: ofisi ya viza katika ubalozi wa Kanada Nairobi ndiyo inayohudumia Uganda. Ila hakuna dirisha unalokwenda kupanga foleni. Ombi linatumwa kwa mtandao, alama za vidole na picha unatoa Kampala kwenye kituo cha kupokea maombi ya viza, na daktari aliyeidhinishwa kupima afya anapatikana Kampala. Ukihamia Nairobi utakuwa umejiongezea mzigo: ukikaa Kenya miezi 6 au zaidi utatakiwa kuleta cheti cha polisi cha Kenya juu ya kile cha Uganda, utaeleza unaishi huko kwa haki gani, na anwani yako itabadilika katikati ya faili. Wakikuita kwa mahojiano, utapanda basi.

Hadi hapa nimejibu uliloniuliza. Kuna mambo ambayo hukuniuliza na ndiyo yanayonitia wasiwasi zaidi kuliko la Arua au Edmonton.

La kwanza ni karatasi ya ndoa. Kanada inataka ndoa iliyo halali kwa sheria ya mahali ilipofungwa na kwa sheria yao pia. Nikaha iliyofungwa na sheikh mtaani na kuandikwa kwenye daftari la msikiti haitoshi. Unahitaji cheti cha ndoa ya Kiislamu kilichotolewa kwa utaratibu wa kadhi, kisha uhakikishe ndoa hiyo imeingia kwenye rejesta ya serikali iliyo chini ya URSB (ofisi ya usajili ya Uganda), na uchukue nakala iliyothibitishwa. Nenda uulize kabla ya kumtumia mume wako picha ya cheti. Nimeona watu wenye vyeti vizuri vya rangi, na rejesta haina habari navyo. Angalia pia majina: herufi za kwenye cheti zifanane na za kwenye pasipoti. Kama pasipoti inasema Fatuma na cheti kinasema Fatma, rekebisha sasa, usingoje kuulizwa.

Wenzetu waliooana kwa kwanjula au kuhingira peke yake, yaani sherehe za ndoa za kimila, wajue hivyohivyo. Sherehe inaweza kuwa ndoa kamili ya kimila, lakini sheria ya Uganda inataka ndoa ya kimila iandikishwe ndani ya miezi 6, na bila cheti afisa wa Kanada anabaki na picha za gomesi na kanzu tu.

Ulisema mume wako alikuwapo mwenyewe. Alhamdulillahi. Tangu Juni 2015 Kanada haikubali ndoa ambayo mmoja wa maharusi hakuwapo kimwili, iwe ni kwa wakala, kwa simu au kwa video, hata kama dini na sheria ya nchi zinaikubali. Kuna wanandoa wengi katika jamii yetu walioozeshwa kwa simu, bwana harusi akiwa kazini Toronto. Hao inabidi wafunge ndoa upya wakiwa mahali pamoja.

Na swali ambalo si la adabu lakini lazima nikuulize: ana mke mwingine? Mke wa kimila, mke wa nikaha, mke wa serikali, popote pale. Ndoa ya Kiislamu Uganda inaruhusu zaidi ya mmoja, Kanada hairuhusu, na kama siku mnafunga nikaha alikuwa bado ni mume wa mtu, wewe hutaweza kudhaminiwa kwa ndoa hiyo. Kama aliacha, itakiwe karatasi ya talaka, yenye tarehe iliyo kabla ya Desemba 2023.

La pili ni historia yake huko. Alipataje makazi mwaka 2021? Kama alidhaminiwa na mke wa zamani, hawezi kumdhamini mke mwingine mpaka itimie miaka 5 tangu siku alipokuwa mkaazi wa kudumu. Kama alikwenda kama mkimbizi au kwa kazi, kizuizi hicho hakimhusu. Ila nieleze: ninyi wawili mlianza lini? Kanada inamhesabu kama mwenzi mtu mliyeishi naye kama mke na mume mwaka mzima, hata bila nikaha. Kama mlikuwa mmeshaishi hivyo kabla hajaondoka, na kwenye fomu zake za 2021 akaandika kwamba hana mtu, kanuni ileile niliyoitaja kwa mtoto inakugeukia wewe. Msikimbilie kutuma kitu kabla ya kulikalia hilo na wakili. Kama mlijuana baada ya 2021, andikeni tarehe hiyo na muishike wote wawili.

Maana majibu yenu yatalinganishwa. Fomu inayoitwa IMM 5532 inauliza mlikutana wapi, nani aliwakutanisha, nani aliwaoza, nani alihudhuria, familia zilijua lini. Msimwachie mtu wa kafe ya intaneti aijaze kwa kubuni. Kaeni wenyewe, mmoja huku mwingine kule, mkumbushane. Fomu nyingine inataka historia yako ya miaka 10 bila kuruka mwezi. Miezi uliyokaa nyumbani na mtoto mchanga ina jina: andika ulikuwa nyumbani unalea. Miaka ya kuuza vitenge andika umejiajiri, soko gani, tangu mwezi gani.

Kwa ushahidi wa ndoa, picha zisizidi 20, na zisiwe zote za siku moja ya harusi. Picha moja ya mume wako akila ugali na mama yako jikoni, bila kujipanga, ina uzito kuliko kumi za studio. Ongeza risiti za fedha alizokutumia kwa MTN au Airtel na kwa kampuni za kutuma fedha kutoka Kanada, muhuri wa Entebbe kwenye pasipoti yake, na mazungumzo machache ya WhatsApp yanayoonyesha maisha: karo, malaria, bei ya mahindi, ugomvi mdogo uliokwisha. Mapenzi matupu ya "nakupenda sana mpenzi" kurasa hamsini hayathibitishi kitu.

Halafu mume wako arudi Arua. Nafahamu tiketi ni ghali. Lakini akija mara ya pili, wiki mbili tu, ombi litasimama vizuri zaidi kuliko karatasi nyingine yoyote mtakayoongeza. Asije akakaa mwaka, hata hivyo: mkaazi wa kudumu anatakiwa aishi Kanada ili aweze kudhamini. Akiwa raia, hapo anaweza hata kukaa nawe Arua wakati mnasubiri, akionyesha kwamba mtahamia Kanada ombi likikubaliwa. Uraia unaombwa baada ya siku 1,095 za kuwa Kanada ndani ya miaka 5, na mtu wa tangu 2021 huenda ameshazitimiza. Amuulize mtu wa huko. Lakini msisubiri uraia ndipo muanze. Huo ni mchakato wa pembeni.

Kipato hakina kiwango maalumu kwa anayemdhamini mke na mtoto mdogo kama wa kwako. Asiwe anapokea msaada wa serikali wa kujikimu, isipokuwa wa ulemavu, asiwe amefilisika, na asiwe na hukumu fulani za ukatili. Anachosaini ni ahadi ya kukugharamia miaka 3 tangu siku utakapopata makazi, na binti miaka 10, au mpaka atimize 25, kinachotangulia. Ahadi hiyo haivunjiki hata mkiachana. Na wewe ujue: zamani kulikuwa na sharti la kuishi na mdhamini miaka 2 la sivyo unanyang'anywa makazi. Lilifutwa Aprili 2017. Bado nasikia wanaume wanawatisha wake zao kwa sharti hilo.

Ada, kwa viwango vya kuanzia mwisho wa Aprili 2024, zilikuwa dola za Kanada 1,205 kwa mke: 85 za mdhamini, 545 za kushughulikia ombi na 575 za haki ya makazi. Mtoto ana ada yake ndogo na halipi hiyo 575. Alama za vidole zilikuwa 85 juu yake. Viwango hupandishwa kila baada ya miaka 2, kwa hiyo mume wako aangalie kabla ya kulipa, na alipe mwenyewe kwa kadi yake. Hakuna sababu ya fedha hizo kupita mkononi mwa mtu Kampala. Kipimo cha afya unalipa kwa daktari, cheti cha tabia njema unalipa Interpol ya polisi ya Uganda. Mkitaka mtu wa kuwasaidia kwa malipo, awe wakili au mshauri mwenye leseni ya Kanada, na leseni ya mshauri inaangaliwa bure kwenye rejesta ya chuo chao kinachosimamia washauri wa uhamiaji.

Neno moja kwa wengine wanaosoma hapa na waume zao hawako Kanada. Msilichukue jibu hili likavuka mpaka. Uingereza, aliyeingia kama mgeni wa matembezi haruhusiwi kubadili akiwa ndani na kuwa mwenye viza ya mke. Anarudi nyumbani kuomba. Marekani, kuingia kwa viza ya matembezi ukiwa na nia ya siri ya kubaki kunaweza kuhesabiwa udanganyifu. Na hata ndani ya Kanada, mume akihamia Quebec kuna hatua ya ziada ya mkoa huo, ambayo mwaka 2024 iliwekewa ukomo wa idadi ya maombi. Mume wako akipata kazi Montreal kabla ya mambo kuisha, aniambie kwanza.

Wewe anza hivi. Wiki hii nenda kwa kadhi uulizie cheti na rejesta. Wakati huohuo shemeji, kwa kuwa anaonekana mtu wa busara, amwendee baba wa binti. Pasipoti yako na ya mtoto ziwe na muda wa kutosha mbele. Kipimo cha afya usikikimbilie: kinadumu miezi 12, na ukikifanya mapema mno utakirudia kwa fedha yako. Cheti cha Interpol nacho kisubiri mpaka fomu zimekamilika. Mwambie mume wako anitumie mambo mawili tu: nakala ya karatasi yake ya kuthibitisha makazi yenye tarehe ya 2021, na fomu za familia alizojaza wakati ule kama anazo. Nikishaziona nitakwambia kama kuna la kurekebisha kabla hamjabonyeza kutuma.